Nondo wa Hariri na Mgunga Wake

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa sayansi katika jarida letu. Walionitangulia waliandika juu ya mbu, mchwa na nyuki, na waliandika vyema. Mimi nimemchagua nondo. Sisemi wale nondo wadogo wanaozunguka taa wakati wa masomo ya jioni hadi wengine wakaanguka juu ya daftari za watu. Nasema nondo mmoja mkubwa wa nchi kavu, mfumaji wa hariri, ambaye maisha yake yote tangu yai hadi kufa yamefungamana na mti wa miiba. Wataalamu wamwita Gonometa postica. Jina hilo alipewa mwaka 1855 na Mwingereza Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa makumbusho ya London. Mimi katika makala haya nitamwita nondo wa mgunga, na mwenye jina bora na alilete chamani tulijadili.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili wala si chama cha wadudu. Neno nondo lina kazi nyingi. Ukivuka mpaka pale Lungalunga ukaenda Tanga, ukasema dukani wataka nondo, utaletewa vyuma vya kujengea nyumba. Na vijana wa huko, mtu akitoa hoja nzito, husema amemwaga nondo. Nondo wetu sisi ni mdudu, ndugu yake kipepeo. Namna rahisi ya kuwatenganisha ni kutazama vipapasio: vya kipepeo vina kirungu nchani, vya nondo ni kama uzi au kama unyoya wa kuku. Tena nondo wengi huruka usiku.

Mtoto wa nondo ni kiwavi. Nyumba anayojifumia ni kifukofuko. Na yule aliyemo ndani ya kifukofuko, ambaye si kiwavi tena na bado hajawa nondo, vitabu vya sayansi vyamwita pupa. Hapo ndipo nilipocheka darasani. Sisi neno pupa twalijua tangu utotoni: usile kwa pupa, usijibu mtihani kwa pupa. Kumbe hilo la sayansi latoka Kilatini, lenye maana ya mwanasesere, likaja likagongana na letu. Nawaomba mlikumbuke jambo hili tukifika mbele, kwa kuwa ni nadra kupata kiumbe asiye na pupa kuliko pupa wa nondo huyu.

Haya, sasa twende nyikani. Sisi watu wa Mkongani tumezoea kijani. Msitu wa Shimba Hills uko jirani, minazi na miembe imetuzunguka, na masika yakichelewa wiki mbili tu twaanza kulalamika. Lakini Kwale si kijani yote. Ukielekea magharibi ukaipita Kinango, ukaendelea hadi Samburu na Taru, ardhi yabadilika machoni pako. Udongo wawa mwekundu, minazi yakwisha, na vichaka vya miiba vyaanza. Wazungu wa karne ya 19 waliopita huko waliliita eneo lile Jangwa la Taru. Joseph Thomson alilivuka mwaka 1883 akielekea Umasaini. Wajenzi wa reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896, walipofika huko iliwabidi waletewe maji kwa treni. Wataalamu wa leo hawaliiti jangwa halisi kama Chalbi ya Marsabit. Ni nyika. Lakini mwulize mwanamke wa Taru anayeamka alfajiri kutafuta maji katika mwezi wa Februari, yeye atakwambia kama tofauti hiyo yamsaidia.

Mti wa nyika ni mgunga. Migunga iko ya aina nyingi. Upo ule wenye umbo la mwavuli, Acacia tortilis, ambao huota hata ndani ya Sahara. Upo Acacia elatior, mrefu, upendao kingo za mito ya msimu. Upo Acacia mellifera, wenye miiba iliyopinda kama kulabu, ambao ukikushika shati haukuachi ila na kipande. (Hapa sina budi kueleza kwamba mwaka 2005 mkutano wa wataalamu wa mimea uliamua jina Acacia libaki kwa jamaa za mti huo zilizoko Australia, na migunga ya Afrika iitwe Vachellia na Senegalia. Uamuzi huo ulithibitishwa mwaka 2011. Waafrika wengi waliupinga. Mimi nami siupendi, kwa hiyo natumia jina la zamani.)

Mgunga waishije pasipo mvua? Majani yake ni vijani vidogo vidogo mno, hivyo maji yanayopotea hewani ni machache. Kiangazi kikizidi, aina nyingi huyapukutisha kabisa, mti ukabaki miiba mitupu hata mgeni akadhani umekufa. Mizizi hushuka chini sana kutafuta unyevu. Mvua inyeshapo mti huchipua haraka kana kwamba ulikuwa umesimama nyuma ya mlango ukingoja kuitwa. Basi katika muda huo mfupi wa majani mabichi ndimo anamoishi nondo wetu. Nje ya muda huo hakuna chakula.

Tumfuate sasa hatua kwa hatua. Nchini Kenya nondo wa mgunga amechunguzwa zaidi kule Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, ambako hupatikana kwenye migunga ya Imba na Mumoni. Huko huzaa vizazi viwili kwa mwaka, kimoja kwa mvua za Machi hadi Mei, kingine kwa mvua za Oktoba hadi Desemba. Jike hutaga mayai, na mayai yakiangua viwavi huanza kula majani ya mgunga. Kula, kukua, kujivua ngozi, kula tena. Kiwavi huyu ana manyoya mwilini, na baadhi ya manyoya hayo huwasha vibaya yakigusa ngozi ya mtu. Wale mliowahi kukalia upupu shambani mwaelewa nasema nini.

Akishiba na kukomaa, kiwavi hutafuta kitawi akaanza kufuma. Hutoa uzi wa hariri mdomoni, akajizungushia mpaka akapotea ndani. Manyoya yale ya kuwasha nayo hubanwa katika ukuta wa nyumba, ncha nje, kama vile mtu anavyotia vipande vya chupa juu ya ukuta wa ua wake. Kisha ukuta hukauka ukawa mgumu. Uso wake hupata fuwele ndogo ndogo za chumvi ya kalisiamu. Kifukofuko kilichokamilika ni kama kidole gumba kwa ukubwa, kimekaza kwenye tawi, nacho hakipasuki kirahisi kwa vidole. Ndani yake pupa amelala.

Amelala kwa muda gani? Hapa ndipo penye ajabu. Baadhi hutoka baada ya majuma machache tu, mvua ile ile ikiwa bado. Wengine hungoja msimu unaofuata. Na wapo ambao msimu huo ukija hawatoki vilevile, waendelea kulala. Mayai yametoka kwa mama mmoja, lakini watoto hawatoki siku moja. Nimewaza sana juu ya jambo hili, nikaona ni kama mkulima wa Kinango ambaye mvua ya kwanza ikidondoka hapandi mahindi yote aliyonayo. Hupanda kiasi na mbegu nyingine akaiacha ghalani, kwa kuwa amewahi kudanganywa na mvua. Pupa naye amewahi kudanganywa, au niseme babu zake waliokuwa na pupa walitoka wote mara moja, wakakuta migunga haina jani, uzao wao ukaisha papo hapo. Waliobaki ni uzao wa wenye subira.

Siku ya kutoka ikifika, nondo hutoa majimaji yanayolainisha ncha moja ya kifukofuko, akajisukuma nje, akaning'inia hadi mabawa yakanyooka. Jike ni mkubwa kuliko dume, na mabawa yake yakitandazwa yakaribia upana wa kiganja. Rangi yake ni ya kahawia, hana madoido. Na sasa sikilizeni: nondo huyu hali. Mdomo wake haukukamilika kwa kazi ya kula. Hatafuti asali ya maua, hanywi hata umande. Ana siku chache tu za kuishi, na katika siku hizo jike hutoa harufu, dume huifuata gizani kwa vipapasio vyake, wakutana, jike hutaga, basi, wamekufa.

Tafsiri yake ni kwamba nguvu zote za nondo, mabawa, mayai, hariri, zimetoka katika jani la mgunga alilokula alipokuwa kiwavi. Hana njia nyingine ya kuingiza kitu mwilini. Mti ukikosa majani kwa msimu mmoja, pupa wanaolala huweza kungoja. Mti wenyewe ukiondoka, hakuna cha kungojea.

Mtu ataniuliza, je, na mgunga nao wamhitaji nondo? Swali zuri. Jibu ni la. Maua ya mgunga huchavushwa na nyuki na wadudu wengine, na mti ambao haujawahi kuliwa na kiwavi hata mmoja waishi raha mustarehe. Ili mwone ubaya wa hali hii, nitawatolea mfano wa mahali ambapo mambo ni kinyume.

Katika majangwa ya Marekani na Meksiko kuna mmea uitwao yuka. Huenda mmeuona, kwani hupandwa kwa urembo katika bustani nyingi hapa Kenya: una majani makali kama upanga na maua meupe yaning'iniayo kama kengele. Mwaka 1872 mtaalamu wa mimea wa mji wa St. Louis, George Engelmann, aligundua kwamba maua hayo huchavushwa na nondo mdogo mweupe, na Charles Riley akaichunguza kazi hiyo akaieleza kwa urefu. Nondo jike hukusanya chavua kutoka ua moja kwa viungo maalumu vilivyo mdomoni, akaifinyanga kama tonge ndogo. Huenda nayo hadi ua la mmea mwingine. Hutoboa ovari ya ua hilo akataga mayai, kisha akapanda juu akaisukumiza ile chavua mahali hasa inapotakiwa. Wala si bahati mbaya iliyomwangukia, afanya kama aliyetumwa. Ua likawa tunda lenye mbegu, viwavi wakala baadhi ya mbegu, zilizosalia zikaota. Na jike akizidisha mayai katika ua moja, mmea hulidondosha ua lile pamoja na mayai yake! Hiyo ni biashara ya watu wawili, kila mmoja amemshika mwenzake mkono. Katika jamaa ya nondo hao mna pia bingwa wa subira: mtafiti wa California, Jerry Powell, alieleza mwaka 2001 juu ya viwavi walioacha kula wakalala, kisha wengine wakawa nondo baada ya miaka 30. Hao hata pupa wetu wawaamkie shikamoo.

Basi yuka akimpoteza nondo wake, na yuka mwenyewe yuko hatarini, kwa kuwa mbegu zitapungua au kwisha. Lakini mgunga ukimpoteza nondo wake hautajua. Na nondo hana chochote cha kuulipa mti. Mtu pekee anayeweza kusema "usiukate, una mali juu yake" ni binadamu, kwa sababu ya hariri.

Hariri tuijuayo sote, ya leso za maharusi na vilemba, yatoka kwa nondo mwingine, Bombyx mori, ambaye Wachina wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa majani ya mforosadi. Amefugwa muda mrefu hata hawezi tena kuruka. Kifukofuko chake ni uzi mmoja mrefu, huweza kupita mita 900, na ili uzi huo usikatwe, pupa huuawa ndani kwa joto kabla hajatoboa njia. Hariri ya nondo wa mgunga haina sharti hilo. Watu hungoja nondo atoke aende zake akazae, kisha huokota kifukofuko kitupu. Uzi umekwisha katika ncha, kweli, lakini wao hukichemsha kwa dawa kitoke gundi na zile chumvi, manyoya huondolewa, halafu nyuzi husokotwa kama pamba. Nguo yake ni ya rangi ya kahawia kwa asili. Kwa hiyo mwuaji hayumo katika kazi hii, na kila mti uliosimama waweza kuvunwa tena mvua ijayo.

Walioleta elimu hiyo Mwingi ni watafiti wa ICIPE, kile kituo cha kimataifa cha wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, ambacho mahali pake huitwa Duduville. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, aliyefariki mwaka 2003. Nataja hilo makusudi, maana katika vitabu vyetu wagunduzi wote wana majina ya mbali. Odhiambo alikuwa na fikra kwamba mdudu si adui tu wa kupuliziwa dawa, wengine ni mali. Kule Mwingi watafiti walijaribu kufunika matawi yenye viwavi kwa neti, kwani viwavi wana maadui wengi: ndege, siafu, na hasa nzi na nyigu fulani ambao hutaga ndani ya mwili wa kiwavi, watoto wao wakamla akiwa hai. Waliofunikwa waliokoka wengi zaidi kuliko walioachwa wazi. Wanavijiji waliojiunga na kazi hiyo walifuga na nyuki pia, kwa kuwa asali ya migunga ni nzuri na mzinga nao wahitaji mti.

Kusini mwa Afrika nondo huyu huyu ana sifa mbili, moja njema, nyingine mbaya. Katika nchi za Kalahari, Wasan tangu zamani huvijaza vifukofuko vitupu vijiwe au vipande vya maganda, wakavifunga miguuni wakati wa ngoma, vikalia chakacha, chakacha. Ndugu zangu Wadigo, hizo ni njuga! Ubaya wake ni kwamba mwaka wa ukame ng'ombe wenye njaa huokota vifukofuko wakavila. Tumbo la ng'ombe haliwezi kusaga hariri ile. Yajikusanya ikawa donge, likaziba, mnyama akafa.

Sasa nifike mahali palipoumiza moyo wangu. Mjomba wangu mmoja akaa upande wa Kinango na huchoma makaa. Simlaumu hapa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nyika ya Kenya, mbuzi wake wakapungua hadi wakawa watatu, na makaa ndiyo yaliyowapa binamu zangu karo na unga. Nilipomtembelea likizoni nilimweleza habari hizi zote za nondo kwa furaha kubwa, kama vile nimegundua dhahabu. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

"Mpwa wangu," akasema, "hao wadudu wako watanipa unga leo jioni?"

"La, mjomba. Leo jioni hawatakupa."

"Mwaka huu je?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nondo hawa mwaka mmoja huwa wengi mno na mwaka wa pili ukawatafuta usiwaone, na asiyekuwa na kazi nyingine hawezi kuwategemea.

"Basi gunia la makaa bei yake naijua."

Hesabu yake haikuwa na kosa lolote. Nikamwuliza mgunga alioukata wiki iliyopita ulikuwa na umri gani. Akasema hajui, yeye aliukuta pale tangu akichunga mbuzi, akiwa mdogo kuliko mimi. Ulitoa magunia mangapi? Mawili na kidogo. Tukatazama wote pale lilipokuwa tanuri, jivu bado lapeperuka. Hakusema kitu, na mimi sikuongeza neno, maana kwetu mtoto hamshindi mjomba wake kwa maneno akatembea kifua mbele.

Kule Kitui kwenyewe, nyumbani kwa nondo wa Mwingi, jambo hili lilizua vita vya sera. Januari 2018 serikali ya kaunti, wakati gavana akiwa Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Magari yalizuiwa barabarani, lori moja likachomwa moto, kukawa na kelele nyingi. Mimi nikiulizwa, nasema marufuku peke yake yamwonea mchomaji, kwani yeye ndiye wa mwisho katika msururu. Anayechoma nyama Mombasa na Nairobi kwa makaa ya mgunga hakusimamishwa na askari yeyote. Lakini pia nasema waziwazi kwamba hariri haitachukua nafasi ya makaa kwa mkupuo. Iwapo mgunga utabaki umesimama, itakuwa kwa sababu ya vitu vingi vilivyojumlishwa: mzinga mmoja au miwili, matunda yake makavu ambayo mbuzi huyapenda mno wakati wa kiangazi, kivuli, na hariri katika miaka ile ambayo nondo wamekuja kwa wingi. Kimoja kimoja ni kidogo. Mjomba nilimwachia hesabu hiyo kwenye karatasi. Safari hii hakusema ni upuuzi. Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati.

Chama chetu kina safari ya Kinango muhula ujao, kwa shindano la mashairi na wenzetu wa huko. Napendekeza, na mwalimu mlezi amekubali, kwamba tutoke saa moja mapema tukatazame migunga iliyoko kandokando ya barabara. Tutakachotafuta ni vifukofuko vya nondo wa aina yoyote, si wa hariri tu. Wanaotaka kushiriki wazingatie haya.

Msiguse kifukofuko chochote kwa mkono mtupu. Manyoya hubaki yakiwasha hata baada ya mwenyewe kuondoka, na ukijifuta jicho baada ya kukishika utajuta safari nzima. Tumieni kijiti au karatasi ya nailoni. Msikate tawi.

Mkikuta kijumba kilichoundwa kwa vijiti vidogo vilivyopangwa vizuri kama mzigo wa kuni, chaning'inia, na pengine chatembea, hicho ni cha nondo mwingine, yule ambaye kiwavi wake huhama na nyumba yake mgongoni. Yeye naye ni wa kuandikwa daftarini, lakini hafumi hariri ya kusokotwa.

Kifukofuko kigumu kikiwa na tundu moja kubwa nchani, andikeni: nondo ametoka salama. Kikiwa na vitundu vidogo ubavuni, andikeni: waliotoka ni nyigu au nzi, na mwenye nyumba aliliwa. Kikiwa hakina tundu lolote na ni kizito, kiacheni pale pale. Huenda yumo ndani. Andikeni tarehe, aina ya mti na urefu wa tawi kutoka ardhini, tufunge uzi mwekundu kwenye tawi hilo, na watakaokuwa chamani mwaka ujao waende wakatazame kama ametoka.